Filamu ya Lumumba darasani: kipi kilitokea na kipi kimetungwa?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Historia, kidato cha nne, mkoani Kigoma. Tukifika kwenye mada ya utaifa na kuondoka kwa wakoloni, wanafunzi wangu huikariri Kongo kwa mistari minne: uhuru 30 Juni 1960, Katanga kujitenga, Lumumba kuuawa, Mobutu kuingia. Rafiki amenipa filamu iitwayo Lumumba, ile ya mwaka 2000, nikapata hamu ya kuwaonyesha. Mwalimu mwenzangu ananiambia niachane nayo, eti ni porojo za watu wa sinema. Baba mkwe wangu, mzaliwa wa Kalemie, yeye anasema kila kilichomo ni kweli tupu, ila wamewafichia Wamarekani, ambao ndio waliomuua. Tena kuna mwanafunzi ameshaniuliza kama ni kweli Lumumba alimwambia mfalme wa Ubelgiji 'sisi si nyani wenu tena', nikakosa la kumjibu. Isitoshe, darasani nina watoto ambao familia zao zilikimbia vita Kongo. Nionyeshe au nisionyeshe? Na nikionyesha, niwaambie waamini nini?"

Mwalimu, pole na majukumu, na hongera kwa kutoridhika na ile mistari minne. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: filamu hii ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ina ukweli kiasi gani, na je, inawafaa watoto hawa ulionao. Watu hubishania zaidi la kwanza. Uamuzi wako, nadhani, utategemea zaidi la pili. Jibu langu la haraka ni kwamba uonyeshe, lakini usionyeshe yote, na usiipe filamu kazi ya ushahidi. Sasa nieleze kwa nini.

Tuanze na aliyeitengeneza, maana mwenzako akisema "watu wa sinema" anasema kama vile wote ni wamoja. Raoul Peck ni mzaliwa wa Haiti. Alipokuwa mtoto familia yake ilihamia Kongo, kwa sababu baba yake alikuwa miongoni mwa wasomi wa Haiti waliochukuliwa kufanya kazi huko baada ya Wabelgiji kuondoka kwa wingi na kuacha ofisi na shule bila watu. Miaka kama kumi kabla ya filamu hii alikwishatengeneza filamu ya makala juu ya Lumumba huyohuyo. Kwa hiyo si mtu aliyeokota kisa gazetini akakipamba. Lakini pia si mwamuzi asiyeegemea upande: anampenda Lumumba na wala hafichi. Kongo yenyewe ilikuwa vitani wakati wa kupiga picha, hivyo "Léopoldville" (Kinshasa ya leo) utakayoiona ni mitaa ya Zimbabwe na Msumbiji. Lumumba ameigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun, na mazungumzo karibu yote ni ya Kifaransa, ingawa Lumumba wa kweli alikaa miaka mingi Stanleyville, Kisangani ya leo, na alikijua Kiswahili.

Kuhusu matukio makubwa, mwenzako amekosea. Filamu haikuyatunga. Lumumba kweli alikuwa karani wa posta Stanleyville, kweli alifungwa kwa wizi wa fedha za posta, na kweli alipotoka alikwenda Léopoldville akawa anauza bia ya Polar, kazi iliyomfundisha kusimama mbele ya watu na kuwavuta. Chama chake, MNC (Mouvement National Congolais), kilianzishwa Oktoba 1958, na Desemba mwaka huohuo alikuwa Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Baada ya ghasia za Stanleyville za Oktoba 1959 alifungwa tena, na Januari 1960 Wabelgiji wakalazimika kumtoa gerezani kumpeleka Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyeliongoza jeshi la Kongo, kuwakusanya askari siku chache tu baada ya uhuru na kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru, hilo lilitokea. Ndege iliyowabeba Lumumba na Rais Kasa-Vubu kukatazwa kutua Élisabethville (Lubumbashi ya leo), mji mkuu wa jimbo la Katanga, hilo pia lilitokea. Kasa-Vubu alimfuta kazi redioni tarehe 5 Septemba, Lumumba naye akaenda redioni usiku uleule kumfuta Kasa-Vubu. Kanali Mobutu wa jeshi akawaweka wote wawili pembeni tarehe 14. Lumumba alitoroka kizuizini 27 Novemba, akakamatwa 1 Desemba mtoni Sankuru, na 17 Januari 1961 akapelekwa Katanga kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito huku wakipigwa njia nzima.

Tena kuna jambo la kufurahisha kwa mwanahistoria, kama naweza kulitumia neno hilo kwa habari chungu namna hii. Filamu ilipotoka mwaka 2000, sehemu iliyowashtua watazamaji zaidi ni ile ya Wabelgiji wawili wakifukua na kuharibu miili ya waliouawa. Wako walioona Peck ametia chumvi. Lakini afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeifanya kazi hiyo, Gérard Soete, alikiri mwenyewe hadharani, na meno aliyoyachukua kutoka kwenye mwili wa Lumumba alikuwa bado anayo. Novemba 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ikahitimisha kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya Ubelgiji ya wakati ule, pamoja na Wabelgiji wengine, walikuwa na dhamana ya kimaadili katika mazingira yaliyosababisha kifo hicho. Februari 2002 serikali yao ikaomba radhi. Jino moja lilirudishwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likazungushwa Onalua alikozaliwa, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Ni nadra sana filamu ya historia kuthibitishwa na nyaraka baada ya kutoka. Kawaida huwa kinyume.

Haya, la mwanafunzi wako. Hapana, hakusema. Maneno ya "nyani wenu" hayamo katika hotuba ya 30 Juni 1960 iliyorekodiwa na kuchapishwa. Yamezungushwa midomoni na magazetini kwa miaka zaidi ya sitini, na yanapendwa kwa sababu yana utamu wa kumjibu mkubwa mbele za watu. Hebu mpe mwanafunzi huyo kitu bora zaidi, yaani kilichosemwa kweli. Mfalme Baudouin alitangulia, akausifu uhuru kama tunda la kazi iliyobuniwa na kipaji cha Leopold II, mfalme aliyeimiliki Kongo kama mali yake, mbele ya watu ambao babu zao walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Kasa-Vubu akafuata kwa hotuba ya adabu. Lumumba hakuwamo kwenye ratiba. Alisimama, akasema kwamba uhuru huu, hata kama leo unatangazwa kwa makubaliano na Ubelgiji, ulipatikana kwa mapambano, na akataja walichopitia: kejeli, matusi, mapigo ya asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa tu walikuwa weusi. Ni kali kuliko ya nyani, maana kila Mkongo aliyekuwa akisikiliza redio aliweza kusema hili limenipata mimi.

Katika filamu tukio hili limeigizwa vizuri sana, na ni sahihi kwa kiasi kikubwa ingawa hotuba imefupishwa. Waongezee wanafunzi mambo mawili ambayo hamasa ya tukio inaweza kuwasahaulisha. Hotuba ile haikumtoka ghafla kwa hasira. Alikuwa ameiandaa, na alionekana akiendelea kuirekebisha pale kitini mfalme anapozungumza. La pili ni kwamba mchana wa siku ileile, kwenye chakula, Lumumba alitoa hotuba nyingine fupi ya upole, akamsifu mfalme, ili kutuliza mambo. Mwanafunzi akijua hilo la pili ataanza kumwona waziri mkuu mwenye umri wa miaka 34 aliyekuwa akijaribu kushika pande mbili kwa siku moja. Ni mtu wa kuvutia kuliko sanamu.

Sasa baba mkwe. Msikilize kwa heshima zote, kwa sababu hajakosea kabisa. Mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alituma agizo Agosti 1960 kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kipaumbele. Septemba mkemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville na sumu ya kumuua. Haya si ya kijiweni: yametoka kwenye uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani lenyewe, mwaka 1975. Lakini sumu haikutumika, na uchunguzi uleule haukupata ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yaliyotokea Katanga. Kwa upande wa Ubelgiji, waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika Oktoba 1960 kuhusu kumwondoa Lumumba moja kwa moja, na siku moja kabla ya safari ya mwisho alimhimiza Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ampokee. Waliomtoa Léopoldville ni Wakongo wenzake: Kasa-Vubu, Mobutu, Nendaka wa usalama. Waliompokea ni Tshombe na waziri wake Munongo, nao walikuwepo porini usiku ule alipopigwa risasi. Kikosi kilikuwa cha askari wa Katanga, na aliyetoa amri alikuwa afisa wa Kibelgiji. Umoja wa Mataifa nao, wenye maelfu ya askari nchini, ulikataa kuingilia alipokamatwa, na askari wake Waswidi pale uwanja wa ndege wa Élisabethville walimwona akishushwa.

Kwa hiyo ukiulizwa "nani alimuua", usikubali kutoa jina moja. Wanafunzi hawatalipenda jibu lisilo na jina moja, lakini ndilo jibu.

Wala si kweli kwamba filamu imewafichia Wamarekani. Balozi yumo, na yumo afisa kijana wa ubalozi, Frank Carlucci, ambaye baadaye alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, anayeonyeshwa akiwa na wanaopanga hatima ya Lumumba. Carlucci alikana katakata kuhusika, na katika toleo lililorushwa na televisheni ya Marekani jina lake lilizimwa kwa mlio. Mwambie mkwe hilo, litamfurahisha. Wewe darasani lichukulie tukio hilo kama tuhuma ya mwongozaji dhidi ya mtu aliyeikana, basi.

Nimesema matukio makubwa ni imara. Sasa niseme filamu inapotunga, maana inatunga, na lazima itunge.

Jambo la kwanza ni maneno ya faraghani. Hotuba ya bungeni tunayo, matangazo ya redio yanajulikana, lakini Lumumba alimwambia nini Mobutu wakiwa peke yao varandani? Hakuna aliyeandika. Waandishi wa hadithi ya filamu, Peck na Pascal Bonitzer, waliyatunga mazungumzo hayo wakijitahidi yafanane na tabia za watu. Wafundishe wanafunzi kanuni rahisi ya kujiuliza: tukio hili lilikuwa na mashahidi? Kama lilikuwa nao, tunaweza kulikagua. Kama watu walikuwa wawili chumbani na wote wamekufa, tunasikiliza mtunzi.

La pili ni kubana muda. Tangu uhuru hadi Kasa-Vubu kumfuta kazi Lumumba ni siku 67. Ndani yake mna maasi ya jeshi, kutua kwa askari wa miavuli wa Ubelgiji, Katanga kujitenga tarehe 11 Julai, azimio la Umoja wa Mataifa tarehe 14 Julai, Kasai Kusini nayo kujitenga, safari ya Lumumba Marekani, na ombi lake la msaada kwa Wasovieti. Dakika 115 haziwezi kubeba yote hayo pamoja na maisha ya kabla, kwa hiyo mambo yaliyopishana kwa wiki yanafuatana kama ya siku moja. Mtazamaji anabaki na picha ya nchi iliyowaka usiku mmoja. Dawa yake ni nyepesi: chora mstari wa tarehe ubaoni, uuache hapo muda wote mnaotazama.

La tatu ndilo ninalotaka ulitilie maanani kuliko yote, kwa sababu halionekani kama kosa. Filamu inaanzia mwishoni. Tunajua tangu mwanzo kwamba mtu huyu amekufa, na sauti inayotusimulia ni yake mwenyewe, ya marehemu. Kisanaa ni uamuzi mzuri, na unatokana na kitu cha kweli: Lumumba aliandika barua ya mwisho kwa mkewe Pauline akiwa kizuizini, akisema siku moja historia itatoa neno lake, lakini haitakuwa historia inayofundishwa Brussels, Washington, Paris au Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, sauti unayoisikia kwenye filamu si barua hiyo tu. Sehemu kubwa imeandikwa na watunzi. Na athari yake kwa kijana wa miaka kumi na saba ni kubwa: kila hatua anayopiga Lumumba inaonekana ni hatua ya kuelekea kaburini. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba mambo yasingeweza kwenda vingine.

Waliokuwapo hawakuiishi historia hivyo. Mwezi Julai 1960 hakuna aliyejua. Bunge lilipoona rais na waziri mkuu wamefutana kazi, lilikataa kuwakubalia wote wawili, na kwa siku kadhaa haikujulikana nani atabaki. Mwezi Novemba wafuasi wa Lumumba wakiongozwa na Gizenga, aliyekuwa naibu wake, walikuwa wameshika Stanleyville, na kama angefika huko, Kongo ingekuwa na serikali mbili na yeye akiwa hai katika mojawapo. Alikamatwa mtoni, akiwa njiani kwenda huko. Simamisha filamu hapo uwaulize: angefika, ingekuwaje? Katika swali hilo moja watafikiri kihistoria kuliko kwa kutazama filamu nzima mara mbili.

Sambamba na hilo lipo la urafiki. Filamu inapenda sana kisa cha rafiki aliyesaliti, na kweli Lumumba ndiye aliyempandisha Mobutu kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi. Mwanafunzi atakwambia, "Mwalimu, tatizo lilikuwa Mobutu." Hapo ndipo kazi yako inaanza, kwa kuwa usaliti wa mtu mmoja hauelezi kwa nini serikali nzima ilianguka ndani ya miezi miwili. Maelezo yako kwenye mambo ambayo hayapigiki picha vizuri. Siku ya uhuru jeshi la askari zaidi ya 20,000 halikuwa na afisa hata mmoja Mkongo. Katika nafasi za juu za utumishi wa serikali, zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa watatu. Waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walihesabika kwa vidole vya watu wawili au watatu. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na shaba, kobalti na urani ya Katanga, urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima, na ilimlipa Tshombe kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Na chama cha Lumumba, kilichoongoza uchaguzi wa Mei 1960, kilikuwa na viti 33 kati ya 137, maana yake alitawala kwa kuungana na watu waliomtilia shaka. Hata Mobutu angekuwa mwaminifu kama mbwa, hesabu hizo zingebaki palepale.

Yapo pia ambayo filamu haiyapi nafasi yanayostahili. Agosti 1960 askari wa serikali ya Lumumba waliotumwa kuirudisha Kasai Kusini waliua raia wengi wa Kiluba huko Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Familia za Kiluba hazijasahau, na unaweza kuwa na mtoto wa nyumba hiyo darasani ambaye nyumbani kwao jina la Lumumba halitajwi kwa furaha. Usimpake Lumumba mafuta mbele yake kana kwamba ni mtakatifu asiye na doa. Wanawake nao wamebaki pembeni. Andrée Blouin, aliyekuwa mkuu wa itifaki wa serikali ile na aliyewahamasisha wanawake vijijini kabla ya uchaguzi, itabidi umlete wewe mwenyewe.

Kwa upande wa vyanzo vingine vya kuona, kipo kimoja kinachotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora mwaka 1973 na 1974 picha 101 za historia ya nchi yake, akazisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, nyuma ya miili kuna misalaba mitatu. Iweke karibu na filamu: mmoja Mhaiti, mmoja Mkongo, wote wawili wamemwona shahidi aliyeteswa, kila mmoja kwa lugha yake ya picha. Uliza wanafunzi kwa nini watatu, na uwaache wamkumbuke Mpolo na Okito, ambao mara nyingi husahauliwa.

Basi, ufanyeje? Una njia tatu. Kuonyesha filamu nzima kunawapa watoto safari kamili na hisia zake, lakini vipindi viwili vya dakika 40 havitoshi, utaikata katikati, na kuna mwanzo na mwisho wenye ukatili usiohitajika kwa mada yako. Kutoionyesha kabisa ni salama, ila utakuwa umewarudisha kwenye mistari minne. Mimi ningechagua vipande vitatu: sherehe ya uhuru na hotuba, Jenerali Janssens na maasi ya askari, na siku ya kufutana kazi redioni. Kila kipande mkitazame, kisha muwe na maandishi machache ya kukilinganisha nacho. Hotuba yenyewe inapatikana kwa tafsiri. Kwa mwisho wa kisa, badala ya picha, wasomee tangazo la Munongo la 13 Februari 1961, karibu mwezi mzima baada ya mauaji, lililodai kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji, halafu uliweke sambamba na hitimisho la kamati ya Brussels. Watajifunza kuhusu vyanzo vinavyodanganya bila kuona damu.

Lugha itakusumbua. Kifaransa kinaenda mbio na maandishi ya chini ni ya Kiingereza; nusu ya darasa watasoma nusu ya sentensi. Usione haya kufanya kama wale ma-DJ wa vibanda umiza, upunguze sauti na kusimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Tofauti iwe moja: wao huongeza vichekesho, wewe taja tarehe.

Sasa watoto wenye familia zilizokimbia. Hili nisingependa ulipitie juujuu. Mtoto aliyeona bunduki kwa macho yake, au aliyekulia kwenye nyumba ambayo mama hushtuka mlango ukigongwa, hatazami filamu kama wenzake. Tangaza siku moja kabla mtatazama nini, ukisema wazi kuna askari, vipigo na watu kufungwa kamba. Ruhusu yeyote kukaa maktaba kwa kazi mbadala bila kujieleza mbele ya wengine. Keti mahali unapoona nyuso, acha taa au dirisha moja wazi, na mlango usifungwe. Tafadhali usimgeukie mtoto Mkongo na kumwambia "wewe tuambie, kwenu ilikuwaje". Akitaka kusema atasema mwenyewe, na pengine atakuja ofisini baadaye.

Ukiona mtoto ametetemeka, ameganda au ametoka nje ghafla, mfuate kwa utulivu au umtume mwalimu mwingine, mpe maji, kaa naye. Kunyamaza kwa saa moja au usiku mmoja wa ndoto mbaya si ajabu. Lakini kama siku zinapita na bado halali vizuri, hali chakula, anakwepa shule au anazungumza juu ya kujidhuru, hapo mimi wa mbali na filamu yangu hatuna msaada tena. Mwone mwalimu wa unasihi wa shule siku hiyohiyo, zungumza na mzazi au mlezi, na kupitia kwao mfike kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya. Kama una shaka juu ya mtoto fulani tangu sasa, mwone mlezi wake kabla ya kuonyesha chochote.

Kwa upande wa historia yenyewe pia kuna mtu wa kumfuata ana kwa ana, na wewe uko mahali pazuri kuliko wengi wetu. Filamu inaishia kwa Mobutu mamlakani, akimtangaza mwaka 1966 Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Ila kwa watu wa Kigoma kisa kiliendelea ziwani: maasi ya 1964 ya waliojiita warithi wa Lumumba, watu waliovuka kukimbia, na Aprili 1965 Che Guevara akivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia. Wazee waliokuwa vijana bandarini wakati huo bado wapo. Nenda kwanza peke yako, bila darasa, ukasikilize nini wanakumbuka na nini wako tayari kukisema mbele ya watoto, kisha ndipo umwalike mmoja.

La mwisho ni la mtihani, kwa kuwa najua mkuu wa shule ataliuliza. Waonye wanafunzi wasiandike "kama tulivyoona kwenye filamu" katika insha. Msahihishaji anataka tukio, tarehe na sababu: maasi ya Force Publique, yaani jeshi la Kongo, ya 5 Julai 1960 kwa kukosa maafisa Waafrika, kujitenga kwa Katanga kwa maslahi ya madini, vita baridi kati ya Washington na Moscow. Wakiweza kuyaeleza hayo bila kumtaja Eriq Ebouaney hata mara moja, filamu imefanya kazi yake.